Taa za Zamani na Hesi za Inchi: Pima Kwanza Kabla ya Kununua Holda

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, na pia katika shule, misikiti, makanisa na ofisi zilizojengwa kabla ya uhuru, bado zinaning'inia taa za shaba ya manjano zilizotengenezwa Uingereza. Shaba yenyewe haijachoka. Kinachochakaa ni waya na holda. Mwenye nyumba huenda hadeweya, hununua holda mpya, na fundi anapojaribu kuifunga moja kati ya mambo mawili hutokea: ama holda inakataa kabisa kuingia kwenye bomba la taa, ama inaingia kwa urahisi mno na kucheza kama jino la mtoto anayebadilisha meno. Wengi hulifurahia hilo la pili. Ndilo la hatari.

Hatari yake huanza siku ya kubadilisha balbu. Holda nyingi nchini ni za pini mbili, na balbu yake hufungwa kwa kusukuma na kuzungusha. Holda iliyolegea huzunguka pamoja na balbu, na waya zilizomo ndani ya bomba husokotwa kila mara. Ganda la waya hukwaruzwa na ukingo wa bomba hadi waya wenye umeme unaigusa shaba. Kuanzia hapo taa nzima, mnyororo wake na kikombe chake cha dari vinaweza kuwa na umeme wa volti 240, na anayepanda ngazi kufuta vumbi hana njia ya kujua. Zaidi ya hayo, kuna uzito wa taa yenyewe na kioo chake juu ya meza ya chakula au juu ya watoto darasani.

Chanzo cha yote haya ni hesi, yaani ile mistari inayozunguka skrubu au mdomo wa bomba, ambayo mafundi wengi huiita thredi. Taa hizi zilitengenezwa kwa hesi za inchi, na vifaa vya leo vina hesi za milimita. Kwa macho zinafanana. Kwa kipimo, zimepishana kidogo tu, na ni hicho kidogo kinachowaponza watu.

Zilikotoka hesi hizi

Umeme ulianza kuuzwa Mombasa na Nairobi mwaka 1908. Kampuni za miji hiyo miwili ziliungana mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting, ile ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting Company. Katika miaka hiyo ya ukoloni, sehemu kubwa ya taa, swichi, skrubu na mabomba ya waya ilishuka bandarini kutoka Uingereza, na kila kitu kilikuja na vipimo vya huko.

Huko nako kulikuwa na familia kadhaa za hesi. Ya kwanza ilipendekezwa na mhandisi Joseph Whitworth mwaka 1841, wakati ambapo kila karakana ilikuwa na hesi yake na nati ya karakana moja haikuingia bolti ya karakana nyingine. Whitworth aliamua kwamba pembe kati ya jino na jino iwe digrii 55, na vilele vya meno viwe vya mviringo. Hesi ya milimita ya leo ina pembe ya digrii 60. Hesi za kawaida za Whitworth ni nene: bolti ya robo inchi ina meno 20 kwa inchi, na ya nusu inchi ina meno 12 tu. Katika taa, hesi nene kama hizi hupatikana kwenye ndoana na bolti za kuning'inizia, si kwenye bomba.

Bomba la taa ni jembamba. Likikatwa hesi ya meno 12, jino lingetoboa ukuta wake. Kwa hiyo watengenezaji wa vitu vya shaba walikubaliana na hesi ya meno 26 kwa inchi kwa mabomba ya vipenyo vyote, madogo kwa makubwa, kwa pembe ileile ya Whitworth. Jino la hesi hiyo lina kina cha milimita 0.63 hivi, kwa hiyo ukuta wa bomba hubaki na nguvu. Anayetaka kukumbuka namba moja tu katika somo hili, basi akumbuke 26. Taa ya shaba ya Kiingereza ya wakati ule ikifunguliwa, hesi ya bomba lake karibu kila mara itakuwa hiyo. Swali linalobaki ni kipenyo.

Vipenyo vinne vinavyodanganya

Ukubwa uliotumika sana kwenye shingo za holda za Kiingereza ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Huu hausumbui sana kuutambua, kwa sababu holda ya kawaida ya leo ina tundu la milimita 10 na bomba la nusu inchi halitaingia hata kwa nyundo. Fundi analazimika kutafuta njia nyingine. Aangalie tu asije akapewa holda ya milimita 13, ambayo ipo katika baadhi ya taa za Ulaya bara. Hiyo itaingia kwa kulegea.

Tatizo kubwa liko kwenye bomba dogo zaidi, la inchi tatu ya nane, linaloandikwa 3/8. Hapa kuna hesi nne zilizokaribiana sana, na zote hupatikana kwenye taa. Ya Kiingereza ya 3/8 ina kipenyo cha nje cha milimita 9.5 na meno 26 kwa inchi. Hesi ya bomba la gesi na maji, ambayo kwa jina huitwa moja ya nane ingawa hakuna mahali popote inapopima moja ya nane ya inchi, ina milimita 9.7 na meno 28. Ya kisasa ina milimita 10 kamili, na umbali wa jino hadi jino ni milimita 1. Ya Marekani, ambayo hutumika kwenye taa zinazoletwa kutoka huko, ina milimita 10.3 hivi na meno 27. Kutoka ndogo kabisa hadi kubwa kabisa ni chini ya milimita moja.

Kuhesabu meno peke yake hakutoshi kuzitenganisha. Meno 26 kwa inchi ni sawa na umbali wa milimita 0.977 kati ya jino na jino, na hesi ya kisasa ni milimita 1. Tofauti ni milimita 0.023. Shingo ya holda mara nyingi haifiki hata nusu inchi kwa urefu, na katika nusu inchi meno 26 na meno 27 yanatofautiana kwa nusu jino. Hakuna jicho litakaloapa kuwa limeona nusu jino kwenye shaba iliyochakaa. Ndiyo maana kipenyo hupimwa kwanza, na meno huhesabiwa baadaye ili kuthibitisha.

Tuseme fundi hakupima, akafunga holda ya milimita 10 kwenye bomba la 3/8. Meno ya holda yanaanzia kipenyo cha milimita 8.9 hivi, na vilele vya bomba viko kwenye 9.5. Ukigawanya tofauti hiyo kwa pande mbili, meno yanashikana kwa milimita 0.3, ilhali hesi mbili zinazolingana hushikana kwa zaidi ya 0.5. Kwa hiyo holda imeshika kwa takriban nusu ya ilivyopaswa, tena kwenye ncha za meno tu, mahali palipo dhaifu. Itakaa. Itakaa hata miezi. Kisha mtu atabadilisha balbu kwa nguvu kidogo, au feni iliyo karibu itaitetemesha, na ncha zitakatika.

Kinyume chake pia hutokea. Holda ya zamani ya 3/8 ikilazimishwa kwenye bomba jipya la milimita 10, huingia nusu mzunguko, hukwama, na fundi mwenye haraka huchukua koleo. Shaba ni laini. Hesi iliyodumu miaka 80 huisha kwa dakika moja.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba balbu haijabadilika. Kitako cha balbu ya pini mbili kina milimita 22, na kilikuwa hivyo hata wakati wa ukoloni, kwa hiyo balbu ya LED iliyonunuliwa jana huingia bila taabu kwenye holda ya wakati wa babu. Mtu akiona hivyo hudhani kwamba na sehemu ya nyuma ya holda, inayofungwa kwenye bomba, nayo inalingana. Mbele hapakubadilika. Nyuma palibadilika.

Namna ya kupima

Kabla ya yote, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya ukutani pekee, na fundi ahakikishe kwa testa. Katika nyumba za zamani swichi ya ukutani iliweza kufungwa kwenye waya usiofaa, na taa ikabaki na umeme hata ikiwa imezimwa.

Hesi isafishwe kabla ya kupimwa. Hewa ya chumvi ya Pwani huacha kutu ya kijani kwenye shaba, na wapaka rangi wa miaka iliyopita hawakuwa na huruma na taa. Mafuta ya taa na mswaki wa zamani vinatosha. Msasa na mashine ya kusaga visitumike: vinakula vilele vya meno, na kipimo kitakachopatikana baadaye kitakuwa cha uongo. Rangi za zamani pia ziliweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Kipenyo hupimwa kwa kalipa, juu ya vilele vya meno, mahali pawili au patatu, kwa kuwa bomba la zamani mara nyingi limebonyea. Hesi halisi hupungua kidogo kuliko jina lake. Bomba la 3/8 litasoma kati ya 9.3 na 9.5, na la nusu inchi litasoma karibu 12.6. Likisoma 9.9, hilo ni la milimita 10 na mtu fulani alishalibadilisha zamani. Rula ya shuleni haifai kwa kazi hii. Kalipa ya bei nafuu inatosha, maadamu ikifungwa inasoma sifuri.

Tundu la holda hupimwa kwa meno ya ndani ya kalipa, na hapo kinachosomwa ni umbali kati ya ncha za hesi. Tundu la 3/8 litatoa karibu 8.3 hadi 8.5, na la milimita 10 litatoa karibu 9. Kuhesabu meno ndani ya tundu ni kazi ngumu, na kuna ujanja mdogo: kipande chembamba cha sabuni ya mche kikandamizwe ndani kwa kidole, kitolewe bila kuzungushwa, na alama za meno zihesabiwe juu ya sabuni.

Kwa hesi ya nje, jaribio bora halihitaji hata namba. Chukua kipande ambacho hesi yake ya nje inajulikana, kama tapu, kilaze ubavu kwa ubavu na bomba, meno ndani ya meno, kisha viinuliwe pamoja kuelekea dirishani. Meno yakilingana hakuna mwanga unaopita. Yasipolingana, mwanga utaonekana upande mmoja na kuzidi kadiri jicho linavyosogea. Geji ya hesi, ile yenye majani mengi kama kisu cha kukunja, hufanya kazi hiyohiyo. Inunuliwe ile ya Whitworth, ya digrii 55, kwani ile ya milimita pekee haitasaidia hapa.

Skrubu ndogo

Skrubu zinazokaza waya, zinazoshika kioo cha taa na zinazofunga mfuniko wa swichi ni za familia nyingine, iitwayo BA, iliyopendekezwa mwaka 1884 na Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi. Ajabu yake ni kwamba ingawa ni hesi ya Waingereza, ilikokotolewa kwa milimita. Namba 0 ina kipenyo cha milimita 6 na umbali wa milimita 1 kati ya meno, na kila namba inayofuata umbali huo hupunguzwa kwa sehemu moja ya kumi. Namba ikipanda, skrubu hupungua. Anayetafuta skrubu ndogo akaomba namba 2 badala ya namba 6 atapewa pande la chuma.

Zinazopatikana zaidi ni 2BA, yenye milimita 4.7, inayofunga taa kwenye boksi la mviringo la dari, na 4BA, yenye milimita 3.6, inayofunga mifuniko ya swichi. Badala yake leo kuna skrubu ya milimita 4 na ya milimita 3.5. Ya milimita 3.5 huingia kwenye tundu la 4BA na inaonekana kushika. Kwa mfuniko wa swichi haitaua mtu, ingawa si kazi safi. Lakini ya milimita 4 kwenye tundu la 2BA, ikiwa ndiyo inayobeba taa darini, ni hatari ileile iliyoelezwa juu, na skrubu ya ethi iliyolegea ni mbaya kuliko kukosa skrubu, kwa sababu mwenye nyumba ataiona na kuamini kwamba amekingwa. Taa nyingi za wakati ule hazikuwekewa sehemu ya ethi kabisa. Fundi anayeongeza waya wa ethi atoboe tundu jipya na kulikata hesi ya milimita, mahali penye shaba nene, badala ya kubahatisha katika tundu la zamani.

Mabomba ya chuma ukutani

Katika majengo makubwa waya zilipitishwa ndani ya mabomba ya chuma, kondiuti, na mabomba hayo pia ni ya inchi. La inchi 3/4 lina kipenyo cha milimita 19 na meno 16 kwa inchi. La leo lina milimita 20 na umbali wa milimita 1.5 kati ya meno. La 5/8 lina milimita 15.9 na meno 18, na linakaribia sana la milimita 16. La inchi moja lina milimita 25.4, na hilo limezidi la milimita 25 badala ya kupungua.

Makosa hapa hayaangushi taa. Yanafanya jambo lisiloonekana: katika mitambo mingi ya zamani bomba lenyewe la chuma ndilo lililokuwa njia ya ethi ya jengo zima. Kiungo kimoja kilicholegea, katikati ya bomba la 3/4 na soketi ya milimita 20, hukata njia hiyo kwa vyumba vyote vilivyo mbele yake, na taa zitaendelea kuwaka kama kawaida. Panapounganishwa bomba la zamani na jipya, ni lazima kuwe na kiungo chenye hesi ya inchi upande mmoja na ya milimita upande wa pili, na ethi ipimwe upya kwa mita. Kwa maoni ya wengi wenye uzoefu wa majengo haya, kupitisha waya tofauti wa ethi ndani ya bomba ni salama zaidi kuliko kulitegemea bomba lenyewe.

Baada ya kujua kipimo

Suluhisho la kwanza ni kutunza holda ya zamani ikiwa kauri yake ya ndani haina ufa, springi zake zinarudi na shingo haijaliwa. Waya za zamani, zilizofunikwa mpira na kitambaa, zitolewe zote hata kama zinaonekana nzima, kwani mpira huo hukauka na kuvunjika ukikunjwa.

Holda ikiwa imeharibika, kinachotakiwa ni kipande cha kati, yaani bushi ya shaba yenye hesi ya meno 26 upande wa taa na hesi ya milimita 10 upande wa holda mpya. Mafundi wa jua kali wenye mashine ya kukereza, lethi, wanaweza kuitengeneza, hasa ikiwa mashine ni ya inchi, kwa kuwa mashine nyingi za aina hiyo zinaweza kuwekwa kukata meno 26. Wapelekewe bomba lenyewe, si namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Kukata upya hesi ya taa ili ilingane na holda ya kisasa hakufai: bomba lililokatwa mara mbili hubaki na ukuta mwembamba, na halirudi tena lilivyokuwa. Gundi na utepe wa mafundi bomba haviongezi nguvu yoyote kwenye meno yasiyolingana.

Kufunga taa kwenye mtambo wa umeme wa jengo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na mkazi ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Wenye nyumba katika eneo la hifadhi la Mji wa Kale, na majengo mengine yanayolindwa chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006, wawasiliane na Makavazi ya Kitaifa kabla ya kuondoa taa za asili. Taa ikishauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, bei yake ni bei ya shaba tu.

Mwisho wa kazi, fundi aandike kipimo alichokipata kwenye kipande cha karatasi ngumu, kwa mfano "bomba 3/8 meno 26, bushi hadi mm 10, boksi 2BA", pamoja na tarehe, na akifunge kwa uzi ndani ya kikombe cha dari, mbali na viungo vya waya, ambapo fundi atakayefuata atakiona kabla hajashika koleo.